Kutoka Mbugani Hadi Rafu za Uchumi: Je, Sifa za Mkurugenzi Huhama Naye?

Mnamo Agosti 2015, miezi michache baada ya bodi ya Uchumi, kampuni ya maduka makuu ya Kenya, kumfuta kazi mkurugenzi wake mkuu Jonathan Ciano, usukani wa duka hilo kuu ulikabidhiwa Julius Kipng'etich. Hakuwa mtu wa biashara ya rejareja. Jina lake lilikuwa limejengwa katika Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, aliloliongoza kuanzia 2004 hadi 2012, kisha katika benki ya Equity, alikokuwa afisa mkuu wa uendeshaji. Aliondoka Uchumi baada ya miaka miwili na ushee, akaingia katika bima upande wa Jubilee, na duka aliloliacha lilikuwa bado mahututi. Tangu hapo, kila kampuni ya Nairobi inapotangaza kwamba imempata kiongozi kutoka sekta nyingine, swali lile lile huzuka: je, mtu aliyefanikiwa katika utalii anaweza kuendesha duka, au aliyefanikiwa kiwandani aendeshe shirika la ndege?

Wanaojibu kwamba inawezekana wana ushahidi mzuri. Titus Naikuni alikuwa mhandisi aliyeongoza kiwanda cha Magadi Soda na kuwahi kuwa katibu wa wizara ya uchukuzi, kabla ya kushika uongozi wa Kenya Airways mwaka 2003. Katika mwaka wa fedha uliokwisha Machi 2006 shirika lilipata faida ya takriban shilingi bilioni 4.8. Kwa upande mwingine, Sebastian Mikosz, aliyekuja Kenya Airways 2017 baada ya kuliongoza shirika la ndege la Poland, LOT, kwa vipindi viwili, aliifahamu biashara ya anga kuliko wengi waliomtangulia. Alianzisha safari ya moja kwa moja ya New York mnamo Oktoba 2018, lakini aliondoka mwishoni mwa 2019 bila shirika kurudi kwenye faida. Katika rejareja nako, Atul Shah wa maduka ya Nakumatt alikulia ndani ya biashara hiyo tangu ilipokuwa bado mjini Nakuru, na bado wadai walipiga kura kampuni ifilisiwe mnamo Januari 2020. Kuijua kazi, basi, si kinga. Ndiyo maana bodi nyingi bado hushikilia ule msemo wa mgeni njoo, mwenyeji apone.

Hata hivyo, hoja ya wanaosema haiwezekani ni nzito zaidi kuliko inavyosikika kwenye mijadala, kwa sababu haihusu ujuzi wa kupanga bidhaa bali jinsi pesa inavyotembea. Hifadhi ya Nairobi au ya Amboseli humtoza mgeni kabla hajaingia, na simba hawaletwi kwa mkopo na mtu atakayedai malipo baada ya siku 60 au 90. Biashara ikidorora, kama ilivyotokea 2008 baada ya ghasia za uchaguzi kuwafukuza watalii, mapato hushuka lakini mbuga hubaki pale pale, na nyuma yake kuna serikali. Duka kuu huishi kwa namna tofauti kabisa. Mteja hulipa leo, msambazaji wa unga na sabuni hulipwa miezi kadhaa baadaye, na katikati hapo meneja hushika pesa nyingi ambazo si zake. Pesa hizo zikigeuzwa kuwa matawi mapya, kampuni huonekana inanawiri. Siku wasambazaji wanapopoteza imani na kudai malipo taslimu, rafu huanza kuonyesha mapengo, wateja huhamia jirani, na mauzo ambayo yangelipa deni hutoweka kwa majuma machache tu.

Kipng'etich aliikuta Uchumi ikiwa imeshafika hapo. Kabla ya mwaka 2015 kwisha alifunga matawi ya Uganda na Tanzania, hatua ambayo naiona kuwa sahihi kwa kuwa matawi yale yalikuwa yakinyonya pesa za Kenya. Lakini kufunga ni kazi ambayo mtu mwenye ujasiri kutoka sekta yoyote anaweza kuifanya. Kilichohitajika zaidi kilikuwa kumrudisha msambazaji mlangoni na lori lililojaa, na kwa hilo heshima iliyopatikana kwa kulinda ndovu haikuwa dhamana. Watetezi wake husema, kwa haki, kwamba hakulitengeneza deni lile, na kwamba Uchumi ilikuwa imewahi kufungwa na kuwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi anayeteuliwa kwa niaba ya wadai, mwaka 2006, kwa hiyo maradhi yalikuwa ya zamani. Nakubaliana nao kuhusu chanzo. Sikubaliani nao wanapotaka matarajio yaliyokuwapo siku ya uteuzi yasahauliwe, maana bodi ilimleta ili jina lake lisaidie kurejesha imani, na hilo halikutosha.

Wako waliohama kutoka rejareja hadi usafiri wakafaulu, na mfano wa Uingereza unasaidia kuona kwa nini. Kate Swann alitoka kampuni ya rejareja ya Argos, akaiongoza WHSmith, kampuni ya maduka ya vitabu na magazeti, kuanzia 2003 hadi 2013, akapunguza bidhaa zenye faida ndogo kama vile muziki na kupanua maduka ya kampuni katika viwanja vya ndege na stesheni za reli. Kisha alihamia SSP, kampuni inayouza vyakula katika viwanja na stesheni hizo hizo, akaiingiza katika soko la hisa la London mwaka 2014. Sekta ilibadilika kwa jina, lakini mteja alibaki yule yule, msafiri mwenye haraka asiye na muda wa kulinganisha bei. Wakosoaji wake wana la kusema pia: faida ya WHSmith ilipanda huku mauzo yake ya jumla yakishuka, na maduka ya mitaani yalilalamikiwa kwa uchakavu. Mwaka 2025 WHSmith iliyauza maduka hayo na kubaki na yale ya wasafiri pekee. Mtu anaweza kuisoma habari hiyo kama uthibitisho kwamba aliona mbali, au kama bili iliyofika baada ya yeye kuondoka.

Suala hilo la bili linawagusa zaidi wakuu wa mashirika ya ndege. Ndege huagizwa miaka kadhaa kabla ya kupokelewa, na mkopo wake hulipwa miaka mingi baadaye. Mpango mkubwa wa kupanua Kenya Airways ulibuniwa katika enzi ya Naikuni. Hasara ya takriban shilingi bilioni 7.9 ilionekana katika mwaka uliokwisha Machi 2013, kabla ya moto wa uwanja wa ndege wa Nairobi, JKIA, kabla ya shambulio la kigaidi katika jengo la maduka la Westgate, na kabla ya Ebola kusimamisha safari za Liberia na Sierra Leone. Hasara kubwa kuliko hiyo, ya bilioni 25.7 katika mwaka uliokwisha Machi 2015, ambao ndani yake Naikuni aliondoka, ilitangazwa na mrithi wake Mbuvi Ngunze, ambaye alikuwa ametoka katika biashara ya saruji na kufanya kazi chini ya Naikuni tangu 2011. Kumgawia kila mmoja sehemu yake ya lawama ni kazi ngumu, na wanaoifanya kwa kutazama tarehe za kuingia na kutoka ofisini hawaifanyi vizuri. Allan Kilavuka, aliyeliongoza shirika hilo baada ya Mikosz, naye alitangaza faida ya bilioni 5.4 kwa mwaka 2024, lakini nusu ya kwanza ya 2025 ikaleta hasara ya zaidi ya bilioni 12, sababu mojawapo ikiwa ndege tatu za Dreamliner zilizokwama kwa uhaba wa injini. Uwezo wake haukuyeyuka ndani ya miezi sita.

Kwa maoni yangu, kampuni yenye afya inaweza kumudu kiongozi mgeni, kwa sababu ana muda wa kujifunza huku walio chini yake wakiendesha mambo ya kila siku, na ndivyo ilivyokuwa kwa Naikuni mwaka 2003, alipolikuta shirika lililobinafsishwa tangu 1996 likiwa na KLM kama mshirika. Kampuni inayodaiwa haina muda huo. Bodi ya duka linaloyumba ingefanya vyema kumuuliza mwombaji wa kazi ni lini aliwahi kukaa meza moja na wadai waliokasirika, aliwaahidi nini, na ni kiasi gani cha ahadi hiyo kililipwa kwa tarehe iliyoandikwa. Majibu hayo yanaweza kuthibitishwa kwa simu chache kwa wadai wenyewe, jambo ambalo ni rahisi kuliko kupima umaarufu.