Bobbi Brown na Miaka 25 ya Kusubiri

Mwezi Oktoba mwaka 2020, Bobbi Brown, mpambaji wa Kimarekani ambaye jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye vikopo vya poda na lipstiki kwa karibu miaka 30, alizindua kampuni mpya ya vipodozi iitwayo Jones Road. Alikuwa na umri wa miaka 63. Alisifiwa sana kwa ujasiri wa kuanza upya katika umri ambao wengi huanza kufikiria pensheni, na sifa hizo anazistahili. Hata hivyo, naona sifa hizo zilifunika jambo zito zaidi, nalo ni wakati wenyewe wa uzinduzi. Jones Road ilitoka mara tu muda wa kifungu cha kutoshindana ulipokwisha, yaani sharti la mkataba linalomzuia muuzaji kufungua biashara ya kushindana na mnunuzi, ambalo Brown alilitia saini mwaka 1995 alipoiuza kampuni yake ya kwanza kwa Estée Lauder, kampuni kubwa ya vipodozi ya Marekani. Kilikuwa kifungu cha miaka 25.

Ili kupima uzito wa miaka hiyo, ni lazima tutazame kwanza ni kitu gani hasa kilichouzwa. Brown alisomea upambaji wa jukwaani katika chuo cha Emerson, mjini Boston, kisha akahamia New York mwanzoni mwa miaka ya 1980 kutafuta kazi ya kuwapamba wanamitindo kwa ajili ya picha za magazeti. Mtindo wa zama zile ulikuwa mzito: mashavu mekundu, midomo yenye rangi kali, na fondesheni, yaani vipodozi vya kusawazisha rangi ya uso, zilizoelemea kwenye waridi, ambazo zikipakwa kwenye ngozi isiyo na waridi huacha mstari unaoonekana wazi pale taya linapokutana na shingo. Yeye alitaka lipstiki inayofanana na mdomo wenyewe. Akashirikiana na mkemia kutengeneza rangi 10 zilizojengwa juu ya hudhurungi, na mwaka 1991 zikaanza kuuzwa katika duka la Bergdorf Goodman. Matarajio yalikuwa kuuza lipstiki 100 kwa mwezi. Idadi hiyo iliuzwa kwa siku moja. Zikafuata fondesheni zenye umanjano, kwa kuwa alikwisha kuona, kutokana na nyuso zilizopita mikononi mwake, kwamba ngozi za watu wengi zina umanjano ambao waridi lile lilikuwa likipingana nao.

Mwanasheria anaweza kuandika mkataba unaohamisha fomula, akiba ya bidhaa, kaunta madukani na alama ya biashara, lakini hana namna ya kuhamisha jicho lililoona mstari ule kwenye taya. Mnunuzi analijua hilo vizuri kuliko yeyote, na ndiyo sababu anadai kifungu cha kutoshindana: kile asichoweza kukichukua, anataka walau kibaki kimefungiwa ndani.

Siwalaumu wanunuzi kwa kudai ulinzi. Mtu akilipwa fedha nyingi kwa ajili ya kampuni na wateja wake, kisha mwezi unaofuata akafungua duka jirani na kuwaita wateja wale wale, huo ni udanganyifu mtupu. Sheria nazo zinaitambua tofauti hiyo. Jimbo la California, ambalo kwa muda mrefu limekataa kumzuia mwajiriwa wa kawaida asihamie kwa mshindani, linaruhusu kizuizi cha aina hiyo mtu anapouza biashara yake. Hata mwaka 2024, wakati Tume ya Biashara ya Marekani ilipopitisha kanuni ya kupiga marufuku vifungu vya kutoshindana kwa wafanyakazi, kanuni ambayo mahakama ya Texas iliizuia kabla haijaanza kutumika, wauzaji wa biashara waliachwa nje yake. Ninachokipinga mimi ni urefu wa muda. Katika tasnia ambamo mitindo hubadilika mara kwa mara, sioni ni mteja gani wa mwaka 1995 aliyekuwa bado analindwa mwaka 2019. Baada ya miaka michache ya mwanzo, kifungu cha namna hiyo hakilindi tena thamani iliyonunuliwa. Kinamfunga tu mwenye kipaji.

Mfano wa Jo Malone wa Uingereza unaliweka jambo hili wazi zaidi. Malone aliiuza kampuni yake ya manukato kwa Estée Lauder hiyo hiyo mwaka 1999, akaugua saratani ya matiti, akaondoka mwaka 2006, na akatakiwa kukaa nje ya biashara hiyo kwa miaka mitano. Aliporudi mwaka 2011, kampuni yake mpya haikuweza kuitwa Jo Malone, kwa kuwa jina hilo kama chapa lilikwisha kuwa mali ya wengine. Akaiita Jo Loves. Brown naye alilazimika kutafuta jina lisilo lake, akalipata kwenye jina la barabara. Fikiria mtengeneza manukato anayepita dukani na kuona jina alilopewa na wazazi wake kwenye chupa ambayo hakuigusa, hakuinusa, wala hana neno la kusema juu ya kilichomo ndani. Nadhani wanaouza hulifikiria jambo hili kidogo sana wakati bei inapotajwa, na hakuna anayewashauri kwa nguvu ya kutosha wayatenge majina yao na mauzo.

Wapo waliokwepa kuanza upya kwa kuirudisha kampuni yenyewe. Helena Rubinstein aliuza biashara yake ya vipodozi ya Marekani kwa benki ya Lehman Brothers mwaka 1928, na soko la hisa lilipoporomoka mwaka uliofuata akaja kuinunua tena kwa sehemu ndogo ya bei aliyolipwa. Bahati ya namna hiyo haipangwi.

Brown alipoanza tena, alianza kwa kukataa mengi ya yale yaliyoikuza kampuni ya kwanza. Madukani hakukuwa na watu kwa sababu ya janga la UVIKO-19, naye akauza moja kwa moja kwa mnunuzi kupitia intaneti. Badala ya kutoa mlolongo mrefu wa rangi, alitoa bidhaa chache, na iliyojulikana zaidi ni mafuta ya mgando ya Miracle Balm, ambayo mtu huvunja tabaka lake la juu kwa kidole, akayapasha joto kwa kuyasugua, kisha akayabonyeza shavuni bila brashi. Mwaka 2023, fondesheni yake mpya ilipokosolewa na mshawishi wa TikTok aliyeipaka kwa wingi, Brown alijirekodi akifanya vivyo hivyo usoni pake mwenyewe na kuiachia video hiyo watu waione. Nasadiki kwamba katika kampuni kubwa jibu kama lile lingepita kwenye vikao hadi likose ladha, na hapo ndipo ninapoona faida halisi ya kuanza upya: mwanzilishi anarudi kuwa karibu na uso anaoupaka.

Baada ya kuuza, Brown alibaki kazini akiongoza upande wa ubunifu hadi mwaka 2016. Kwa hiyo, hesabu ikianzia pale alipoondoka, alikaa nje ya vipodozi miaka takriban minne, ambamo alisomea lishe na, pamoja na mumewe, akafungua hoteli ndogo mjini Montclair, New Jersey. Malone alikaa mitano. Kimatendo walisubiri muda unaokaribiana, ingawa mkataba mmoja ulitaja miaka 25 na mwingine mitano, kwa sababu saa ya mmoja ilianza kuhesabu siku ya mauzo na ya mwenzake siku ya kuondoka. Anayekaa mezani kuuza kampuni yake leo aulize kwanza saa inaanza lini, na inakuwaje iwapo mnunuzi ndiye atakayemwondoa. Kama Brown angeonyeshwa mlango mwaka 1998 badala ya 2016, kifungu kile kile, bila kubadilishwa hata nukta, kingemnyamazisha kwa miaka 22.