Goti la Akhwari na chupa ya Rono

Penye semina ya kuhamasishana, iwe ya benki, ya walimu wakuu au ya vijana wa kanisa, hakosekani mtu wa kumsimulia John Stephen Akhwari. Hadithi tunaijua. Oktoba 20, 1968, jijini Mexico, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kijana wa Mbulu, Tanzania, anaanguka katika msukosuko wa marathoni. Goti linateguka, bega linaumia. Anafungwa bendeji, anaendelea. Mamo Wolde wa Ethiopia ameshashinda zaidi ya saa nzima iliyopita, kiza kinaingia, watazamaji wengi wamekwenda zao, ndipo Akhwari anapotokea uwanjani akichechemea. Walioanza walikuwa 75, waliomaliza 57, na yeye ndiye wa 57, kwa saa 3, dakika 25 na sekunde 27. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, akajibu kwamba nchi yake haikumtuma maili 5,000 kuanza mbio, ilimtuma kuzimaliza.

Hapo mtoa mada hunyamaza kidogo, kisha husema: nawe usikate tamaa. Makofi, halafu chai na sambusa.

Sina ugomvi na Akhwari, Mungu aepushe. Ugomvi wangu ni na hilo "nawe". Tunachukua jibu la mtu aliyekuwa na kilomita zinazohesabika mbele yake, tunalikabidhi kwa mtu mwenye deni, mgonjwa wa figo au mjane, ambaye hajui mbio zake zinaishia wapi. Je, kilichofunzwa na uwanja kinahama kweli?

Wanaosema kinahama wana hoja nzito. Mkimbiaji wa mbio ndefu amejifunza kwa mwili wake, si kwa kuambiwa, kwamba uchovu wa kilomita ya 30 unadanganya: unamwambia amekwisha, naye akiuvumilia dakika chache unapungua. Amezoea pia kushindwa. Bondia, mwanasoka, mrusha mkuki, wote hupoteza mara nyingi, na Jumatatu wapo mazoezini. Mtu wa namna hiyo akifukuzwa kazi, ana ushahidi wa zamani kwamba aibu haiui.

Wanaobisha nao hawabishi bure. Uwanjani kuna mstari wa kumalizia, kuna mwamuzi, na kila mtu anakimbia umbali uleule. Nje ya hapo mwenzako anaanzia mita 50 mbele kwa sababu baba yake ni fulani. Isitoshe, tunaowasikia ni wale waliosimama tena. Waliolala chini hawaalikwi kwenye semina.

Mimi naona watu wawili wanatusaidia zaidi kuliko nadharia. Filbert Bayi wa Tanzania alizaliwa 1953 upande wa Karatu, na Henry Rono wa Kenya 1952 huko Nandi. Wote walikuwa mafundi wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji, wote walivunja rekodi za dunia wakiwa vijana wadogo, na wote walinyimwa Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, pale nchi nyingi za Afrika ziliposusia kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Pigo lilikuwa moja, na hakuna aliyejiletea mwenyewe.

Bayi alikuwa na tabia moja iliyowakera makocha wa vitabuni: alikimbilia mbele tangu bastola inapolia. Februari 1974 huko Christchurch aliongoza mita 1,500 mwanzo mpaka mwisho na kuvunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.16, na John Walker wa New Zealand aliyekuwa akimfukuza naye akawa chini ya rekodi ya zamani. Mwaka uliofuata akavunja ya maili moja, kule Kingston. Huyo Walker ndiye aliyechukua dhahabu ya Montreal Bayi akiwa hayupo. Moscow 1980 Bayi akakimbilia mbele tena, akawaacha wenzake mbali, na mzunguko wa mwisho Malinowski wa Poland akampita. Fedha. Suleiman Nyambui naye akapata fedha ya mita 5,000, na hizo mbili ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata.

Baadaye, yeye na mkewe walianzisha shule, Kimara na kisha Mkuza kule Kibaha, naye akakaa miaka mingi ukatibu mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Ni rahisi kusema: ndiyo, aliyekimbilia mbele uwanjani akakimbilia mbele maishani, hakungoja kusukumwa. Nalikubali nusu. Bayi alikuwa pia mwanajeshi. Alikuwa na mshahara, cheo, na mahali pa kuripoti asubuhi. Riadha haikuwa nguzo peke yake iliyoshika paa.

Rono alikuwa na nguzo ngapi? Mwaka 1978, akiwa mwanafunzi wa chuo kikuu Marekani, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, viunzi na maji, mita 10,000, na mita 3,000. Wakati ule hakukuwa na mtu mwenye mapafu kama yake duniani. Ikaja 1980, na Kenya ikasusia tena, safari hii ikiungana na Marekani kwa sababu Wasovieti walikuwa wameivamia Afghanistan. Bayi alipata Moscow yake. Rono hakupata Olimpiki hata moja.

Kisha pombe. Na hapa ndipo hadithi ya "mchezo hujenga tabia" inaponipa shida. Septemba 1981, Rono akiwa tayari ameshikwa na ulevi, alikwenda Knarvik, Norway, akavunja rekodi yake mwenyewe ya mita 5,000 kwa dakika 13 na sekunde 6.20. Fikiria maana yake. Mtu wa kawaida akinywa hivyo mwili humshtaki mapema: anachelewa kazini, anatetemeka, jirani anaona. Mwili wa Rono ulikaa kimya. Ustahimilivu uleule tunaousifu ndio uliomfichia ugonjwa, yeye na waliokuwa wakimlipa ili akimbie. Hatimaye alilala kwenye makazi ya wasio na nyumba Marekani, akabeba mizigo ya wasafiri uwanja wa ndege. Wenye mabegi wangapi walijua ni nani aliyewapokelea?

Alitoka. Alikuja kuwa mwalimu na kocha wa watoto kule Albuquerque, akarejea Kenya mwaka 2019, na akafariki Februari 2024. Watu wa semina watasema uvumilivu wa mkimbiaji ndio uliomwokoa. Labda. Lakini ye yote aliyewahi kukaa na mraibu anajua kwamba kuacha hakuanzi kwa kukaza meno. Huanza kwa kusema "siwezi, nisaidieni", na hilo ndilo neno ambalo mwanariadha amefundishwa tangu utotoni kulimeza.

Samuel Wanjiru, Mkenya mwingine, sitaki kumgeuza kuwa fundisho, maana wameshamgeuza wengi. Nitasema tu kwamba alishinda marathoni ya Beijing 2008 akiwa na miaka 21, katika joto, kwa rekodi ya Olimpiki ya wakati ule, saa 2, dakika 6 na sekunde 32, na Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake Nyahururu akafa. Nidhamu ya kukimbia vile alikuwa nayo. Isingeweza kumfanyia kila kazi.

Kuna namna nyingine ya kuhama, nayo naiamini zaidi. Tegla Loroupe, mwanamke wa Kenya aliyeshinda marathoni ya New York mwaka 1994, akaja kuanzisha mbio za amani zinazowakutanisha Wapokot, Waturkana na Wakaramojong, watu waliokuwa wakiibiana ng'ombe kwa bunduki. Mwaka 2016 ndiye aliyeongoza kikosi cha kwanza cha wakimbizi kwenye Olimpiki ya Rio. Alichotoka nacho uwanjani ni jina ambalo mzee wa upande wa pili alikubali kulisikiliza, na jina hilo likamfaa kuliko msuli wa kuvumilia.

Na kama lazima tuchague somo la mwili, kwa nini hatuchukui lile la siku ya mbio nyepesi? Nenda Iten, mji wa wakimbiaji kule Kenya, utaona bingwa wa dunia akijikokota barabarani polepole kiasi kwamba nawe unaweza kumfuata, kwa sababu jana alijiumiza na kesho atajiumiza tena. Kisha anarudi kulala mchana kweupe. Hiyo ni nusu ya kazi yake, lakini mtoa mada hawezi kuwaambia wafanyakazi wa benki waende wakalale.

Nirudi kwa Akhwari, kwa kuwa ipo sehemu ya hadithi yake inayokatwa kila mara. Mwaka 1970, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola mjini Edinburgh, alikimbia marathoni tena na kumaliza wa tano, kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 5. Zaidi ya saa nzima ilikuwa imekatika kutoka muda wa Mexico. Katikati ya mbio hizo mbili kulikuwa na miezi kadhaa ya goti kupona, na miezi hiyo hakuna kamera iliyoipiga.