Mayai ya Kikao cha Bodi

Asubuhi ya kikao cha bodi ya shule, mama mpishi alimtuma mwanafunzi wa kidato cha kwanza akalete trei ya mayai stoo, na mtoto yule, alipokuta stoo imefungwa, akaingia maabara ya biolojia, akafungua sanduku langu la kutotoleshea vifaranga, akabeba mayai yote. Nilikuwa nimeyanunua kwa jirani anayefuga matetea pamoja na jogoo, kwa kuwa mengi ya dukani hutagwa na kuku wasiomjua jogoo, kisha nikayaweka kwa awamu kwenye joto la nyuzi 37.5 ili kidato cha nne wazione hatua za kiinitete: mengine yalikuwa ya saa chache, mengine ya siku tatu.

Ya saa chache ndiyo yaliyotangulia kukaangwa. Nilipofika nikihema, mwenyekiti wa bodi alikwisha kula mawili kwa chapati, na papo hapo ukasikika ukelele jikoni. Mama mpishi, ambaye kwa bahati hupasulia kila yai bakulini kwanza, alikuwa ameona juu ya kiini mtandao wa mishipa myekundu, na katikati yake kitone kinachodunda.

"Mwalimu, yai lako lina roho!"

Bodi nzima ilihamia jikoni. Nikaeleza kwa upole kwamba moyo wa kifaranga huanza kupiga kabla siku ya pili haijaisha, na kwamba Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika habari za kitone hicho hicho zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Aristotle hakumtuliza mtu.

"Na niliyokula mimi?" akauliza mwenyekiti.

"Hayo hayakuwa na moyo, mzee wangu. Yalikuwa na seli tu."

"Seli ngapi?"

Mwalimu akiulizwa swali la somo lake hujibu. Nikasema kwamba yai huchukua takriban siku nzima kushuka ndani ya kuku, na muda wote huo zigoti, yaani ile seli ya kwanza ya kifaranga, hugawanyika, mbili, nne, nane, hata linapotagwa lile doa jeupe juu ya kiini huweza kuwa na seli zipatazo 60,000.

"Kabla ya kuatamiwa?"

"Kabla, mzee. Mradi jogoo yupo."

Akafikiri kidogo. "Kwangu wapo watatu," akasema, akaisogeza sahani mbali.

Ikaagizwa mihogo ya kuchemsha. Kikao kilipoanza, ajenda ya kwanza ilikuwa kufuli la maabara, nayo ikapitishwa bila kupingwa.