Kiingereza cha pasipoti

Ukiomba kazi ya kufundisha Kiingereza Korea Kusini, kinachosailiwa kwanza ni pasipoti yako. Viza ya E-2, ambayo hupewa walimu wa lugha kutoka nje, kwa upande wa Kiingereza ni ya raia wa nchi saba: Marekani, Canada, Uingereza, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Shahada inatakiwa, ila ya fani yoyote. Aliyesomea uhasibu anakaribishwa mradi polisi hawana neno naye na afya yake imepimwa. Mwalimu wa Machakos, Kenya, aliyesomea ualimu, aliyesahihisha insha za kidato cha nne miaka nenda miaka rudi, hafiki hata mlangoni.

Tunaambiwa wanatafutwa watu waliozaliwa ndani ya lugha. Haya, tuitazame Afrika Kusini. Kwa sensa ya 2022, wanaozungumza Kiingereza nyumbani hawafiki asilimia 10. Wengi wamekulia katika Kizulu, Kixhosa au Kiafrikana, na Kiingereza walikikuta shuleni kama sisi. Siwaonei kijicho, wanaifanya kazi vizuri. Mpango wa EPIK, unaoajiri walimu wa shule za umma, huwataka walete barua ya kuthibitisha kwamba wamesoma kwa Kiingereza kuanzia darasa la 7. Mkenya amesoma kwa Kiingereza tangu darasa la 4, mtihani wa kidato cha nne, KCSE, akaufanya kwa Kiingereza, na katiba ya 2010 inakitambua kuwa lugha rasmi sambamba na Kiswahili. Barua kama hiyo angeandikiwa na mwalimu mkuu wake kabla ya chai ya saa nne.

Darasani nako kuna jambo. Kiswahili hakina "a" wala "the", na Kikorea hakina. Mtoto wa Busan anayeandika "I bought book" anajikwaa palepale alipokuwa akijikwaa mwanafunzi wangu wa kidato cha kwanza. Mwalimu aliyeokota lugha hii jikoni kwa mamake anajua kwamba sentensi ina kasoro, lakini akiulizwa kwa nini, mara nyingi jibu lake ni kwamba haisikiki vizuri. Mimi nilifundishwa kwa kanuni (na kwa kiboko, enzi hizo): kitabu kikitajwa mara ya kwanza ni "a book", kikirudi ni "the book", kwa kuwa sasa msomaji anakifahamu. Kisha yaje maneno kama "advice" na "furniture", yanayokataa "a" kabisa, na hapo ndipo darasa zima hulia. Aliyewahi kulia hapo anajua pa kusimama na kurudia.

Najua hoja ya lafudhi. Mzazi wa Seoul anayelipia masomo ya jioni kwenye hagwon, yaani shule binafsi ya masomo ya ziada, ili mwanawe atamke kama Mmarekani, pesa ni zake. Lakini viza ni sheria ya nchi, haina haja ya kufuata ladha ya mteja.

Na sheria hiyo hulegea, ikipata wa kuilegeza. Mkataba wa kiuchumi kati ya Korea Kusini na India, ulioanza kutumika Januari 2010, uliwafungulia Wahindi wenye shahada na leseni ya ualimu nafasi za walimu wasaidizi wa Kiingereza. Kiingereza chao hakikubadilika usiku mmoja. Walioketi mezani walikumbuka kulitaja jambo hilo, basi.

Sisi tukiketi mezani tunataja nini? Mikataba yetu ya ajira na nchi za Ghuba imejaa wafanyakazi wa nyumbani, madereva na walinzi. Kazi ni kazi, lakini mwalimu hatumtaji. Juni 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alipokuwa Korea Kusini, nchi hiyo na Tanzania zilitangaza kuanza mazungumzo ya mkataba wa ushirikiano wa kiuchumi. Tanzania, ambayo shule zake za msingi za serikali hufundisha kwa Kiswahili, itakuwa na kazi zaidi ya kujitetea kuliko Kenya, ila yenyewe iko mezani tayari. Nairobi nayo isiende Seoul na chai na maua peke yake. Wabebe na orodha ya walimu wa Kiingereza wenye namba ya TSC, tume inayosajili walimu Kenya, wanaosubiri ajira, na waulize waziwazi ni kipi Afrika Kusini inacho ambacho sisi hatuna.