Thrila Zenye Biblia Ndani: Ile Inayotuchokoza na Ile Inayotubembeleza

Ukipita Tom Mboya jioni kwa wale jamaa wa vitabu vya inama, huwezi kukosa thrila yenye msalaba ama ramani ya Yerusalemu kwa jalada, kurasa zimegeuka manjano, bei soo mbili ama chini ya hapo kama unajua kuongea. Ni zile riwaya ambazo profesa fulani anapata kipande cha ngozi chenye maandishi ya kale, mtu anauawa kwa makumbusho, halafu kuna kundi la siri halitaki hiyo kitu ijulikane kwa sababu ikijulikana dini yote itaanguka. Mimi nazipenda, wacha niseme mapema. Na mabishano yake nimeyasikia ya kutosha, kuna wale wa kikundi cha Biblia wanasema mkristo hana biashara na vitabu vya kuchezea Neno, na kuna wale wanakuambia ni stori tu bana, nani anachukua historia kwa riwaya. Shida yangu na pande zote mbili ni kwamba wanalinda mlango mmoja na wizi unapitia dirishani.

Ile inayotajwa kila mara ni The Da Vinci Code ya Dan Brown, ya 2003, na wanaoilaumu wana haki zaidi kuliko vile mashabiki wake wanakubali. Si kwa sababu amebuni, mwandishi wa riwaya kazi yake ni kubuni. Ni kwa sababu kabla stori haijaanza kuna ukurasa unakuambia kwamba haya ni ya kweli, lile kundi la siri la Priory of Sion lipo na lilianzishwa 1099, na maelezo ya nyaraka humo ndani ni sahihi. Sasa hiyo Priory of Sion iliandikishwa Ufaransa mwaka wa 1956 na mtu anaitwa Pierre Plantard, na zile hati za kuonyesha ni ya kale zilitengenezwa. Ukiingia ndani unaambiwa tena kwamba kwa ule mkutano wa kanisa wa Nikea mwaka wa 325 maaskofu walipiga kura kama Yesu ni Mungu na kura zikakaribiana. Zilikaribiana wapi? Maaskofu walikuwa mamia, na waliokataa mpaka mwisho kutia sahihi, wakabaki na Ario, yule padri aliyefundisha kwamba Yesu aliumbwa, walikuwa wawili. Wawili! Na kule Nikea hawakukaa kuchagua vitabu vya Biblia, orodha ya kwanza tunayoijua yenye vitabu 27 vya Agano Jipya vile vile tulivyo navyo imo kwa barua ya Athanasio wa Aleksandria ya 367, miaka 42 baadaye. Halafu yale magombo ya Bahari ya Chumvi yaliyoanza kupatikana 1947 kwa mapango ya Qumran, kitabu kinayaita maandishi ya kale ya Wakristo na ndani hakuna Injili hata moja, ni ya Wayahudi kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Kwa hivyo ndiyo, kosa lipo, na si dogo. Lakini niulize, lilimdhuru nani huku? Watu waliisoma hiyo kitu wakiwa wamekunja ngumi. Sinema ilipotoka 2006 mahubiri ya kuijibu yalikuwa mengi, vijana wakaanza kuuliza Konstantino, yule kaizari wa Roma, ni nani, Wagnosti, wale wa elimu ya siri, ni akina nani, na ile Injili ya Filipo iliyopatikana Nag Hammadi kule Misri 1945 inasema nini haswa. Wakatoliki na Waanglikana wanakariri Kanuni ya Imani ya Nikea kila mara, na niko sure wengi hawakuwa wamewahi kujiuliza huo mji uko wapi na watu walienda kufanya nini huko mpaka riwaya ya kupotosha ilipowachokoza. Mtu akikushambulia unaamka, hiyo ndiyo hali.

Sasa weka kando hiyo uchukue Left Behind, ya Tim LaHaye na Jerry Jenkins, kitabu cha kwanza 1995, mfululizo ukafika vitabu 16 na nakala mamilioni kwa mamilioni. Hiyo inapita kanisani bila kuulizwa kitambulisho. Ndege iko angani usiku, abiria wanapotea, nguo zimebaki kwa viti, na kuanzia hapo ni kukimbizana na Mpinga Kristo. Kama thrila si mbaya, hiyo mwanzo ni moto kabisa, ingawa wahusika wanaongea kama wako kwa mimbari hata wakati wanakimbia kuokoa maisha. Tatizo ni ratiba iliyo chini yake. Kwamba waamini watanyakuliwa kwanza, halafu ndiyo dhiki ya miaka 7, halafu ndiyo Kristo arudi, huo mpangilio ulienezwa na mhubiri John Nelson Darby kwenye miaka ya 1830, na maelezo ya Biblia ya Scofield ya 1909 yakausambaza zaidi. Waraka wa kwanza kwa Wathesalonike 4:17 unasema tutanyakuliwa katika mawingu, hilo hakuna mtu anabisha, lakini kuunganisha huo mstari na miaka 7 na Danieli 9 na Ufunuo kwa huo utaratibu ni tafsiri moja kati ya kadhaa. Wakatoliki hawafundishi hivyo, Waothodoksi hawafundishi hivyo, Wapresbiteri na Waanglikana wengi pia hapana. Lakini jaribu kuuliza swali la siku za mwisho kwa kesha lolote hapa Nairobi uone kama hautapewa ile ratiba kama vile ndiyo imeandikwa hivyo neno kwa neno, na anayekupa hana habari kwamba sehemu ya picha aliyo nayo kichwani ilitoka kwa riwaya na sinema.

Hapo ndipo mimi na wale wa kikundi cha Biblia tunaachana. Wanapiga marufuku riwaya inayosema Biblia ni uongo, na msomaji wa hiyo yuko macho tayari, halafu wanaazimana ile inayosema Biblia ni kweli na humo ndani mwandishi ameongeza yake mengi tu na hakuna anayeangalia. Na mambo ya siku za mwisho si mchezo kwetu. Baada ya Shakahola 2023, zaidi ya miili 400 ya wafuasi wa mhubiri aliyewaambia wafunge mpaka kufa ndiyo wakutane na Yesu ikifukuliwa kwa ule msitu wa Kilifi, nadhani kila mtu anaelewa. Simaanishi riwaya ilifanya hivyo, hapana, hayo yalikuwa mambo ya mafundisho na si ya thrila, na singependa kukichafua kitabu cha mtu kwa msiba ambao hakihusiki nao. Nasema tu kwamba kwa nchi yenye kidonda kama hicho, kujua ni nini kimeandikwa na ni nini kimejazwa na mtu si anasa ya wasomi.

Haya, na faida je? Iko, na ni kubwa kuliko "angalau vijana wanasoma". Historia ya Biblia yenyewe ina mianya, na mwandishi anayejua kazi yake anajenga pale kwa mwanya, hagusi kuta. Mfano ninaoupenda ni Hezekia. Mwaka wa 701 kabla ya Kristo, Senakeribu mfalme wa Ashuru anaingia Yuda, anabomoa miji, anaizingira Yerusalemu. 2 Wafalme 18 inasema Hezekia alimlipa talanta 300 za fedha na 30 za dhahabu. Senakeribu naye aliandika ya kwake kwa udongo, ipo mpaka leo British Museum, na anasema alipokea dhahabu talanta 30, hapo wanakubaliana, lakini fedha ni 800. Sasa wewe kama Mkenya unasoma hiyo na kitu cha kwanza unajiuliza ni hizo talanta 500 ziliingia mfuko wa nani. Wasomi wana majibu yao, wengine wanasema vipimo vilikuwa tofauti, wengine wanasema ni mfalme kujigamba, lakini niambie kama hiyo si thrila tayari, risiti mbili za malipo moja na hazilingani.

Na inaendelea. Senakeribu anajisifu alimfungia Hezekia Yerusalemu kama ndege ndani ya tundu, lakini popote haandiki kwamba aliuteka mji, na huyo si mtu wa kuficha ushindi. Biblia inasema malaika wa Bwana alipiga watu 185,000 usiku mmoja. Herodoto, mwanahistoria Mgiriki aliyeandika karne mbili na zaidi baadaye, alisimuliwa na makuhani wa Misri kwamba panya walivamia kambi ya Senakeribu kule mpakani mwa Misri wakatafuna nyuzi za pinde usiku. Kitu kilitokea, na kila mtu ana stori yake. Chini ya mji kuna ule mfereji uliochimbwa kwa mwamba, karibu mita 533, wachimbaji walianza pande mbili wakakutana katikati, na maandishi yaliyopatikana ukutani 1880 yanaeleza vile kundi moja lilisikia sauti za wenzao ng'ambo ya mwamba. Mwandishi akiniwekea mhusika wa kubuni kwa hao wachimbaji, sijaibiwa chochote. Nikimaliza nitaenda mwenyewe kufungua 2 Wafalme 20:20 na 2 Nyakati 32 nione, na hizo sura nilikuwa nazirukanga kwa sababu majina ni mengi na kila mfalme ni mbaya kuliko aliyemtangulia.

Wanaosema Neno na stori ya kusisimua havikai meza moja nadhani wamesahau Biblia yao. Ehudi wa Waamuzi 3 anaficha upanga paja la kulia kwa sababu ni mtu wa mkono wa kushoto, anamuua mfalme Egloni kwa chumba cha juu, anafunga milango, na walinzi wanangoja nje wakidhani mzee yuko msalani. Hiyo ni ya wote. Kwa Biblia ya Kikatoliki kuna zaidi, Danieli 13 anawahoji wale wazee wawili waliomsingizia Susana uzinzi, kila mmoja peke yake, chini ya mti gani mliona, na majibu yanapingana. Sura ya 14 anamwaga majivu kwa sakafu ya hekalu la Beli na asubuhi nyayo za makuhani zinaonyesha nani amekuwa akila ile chakula ya sanamu. Upelelezi mtupu! Na Yudithi inaanza kwa kusema Nebukadneza alitawala Waashuru kule Ninawi, na kila mtu anajua alikuwa wa Babeli, mpaka wasomi wengi, Wakatoliki wakiwemo, wanaiona kama simulizi iliyovalishwa historia kwa makusudi. Kuchanganya historia na stori si uvumbuzi wa waandishi wa thrila.

Lakini sitaki kuwapa watetezi ushindi wa bure, kwa sababu ile "ni stori tu" yao haisimami pia. Hamu ambayo hizi thrila zinalisha, ya kupata ushahidi uliofichwa, iko na soko nje ya riwaya na hilo soko linauza feki. 2012 profesa wa Harvard, Karen King, alitangaza kipande cha papiro ambacho Yesu anasema "mke wangu", dunia ikapiga kelele, na 2016 akakubali kwamba inaelekea ni cha kughushi. Makumbusho ya Biblia kule Washington ilikuwa na vipande 16 ilivyodhani ni vya magombo ya Bahari ya Chumvi na uchunguzi uliotolewa 2020 ukasema vyote ni feki, kimoja kimoja. Angalia hapo, kipande cha kwanza kiliwafurahisha waliotaka Biblia ichokozwe, vipande vya pili vilinunuliwa na walioipenda. Kama wenye maabara na pesa wanaingizwa box, mimi na wewe tunaosoma kwa matatu jam ya Thika Road tukiwa tumechoka tunajiamini na nini?

Kuna kitu kingine kinanikera na hakisemwi sana, ni vile hizi vitabu zinaingia nyumbani kwa watu. Sanduku la Agano kwa thrila ni mali ya kuchimbwa na mzungu mwenye bastola. Hapa jirani, Aksum, Kanisa la Othodoksi la Ethiopia linaamini Sanduku liko kwao, lililetwa na Menelik mwana wa Sulemani na Malkia wa Sheba kama Kebra Nagast, kitabu chao cha kale, inavyosimulia, na mlinzi mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kulikaribia. Uamini ama usiamini, hao ni watu walio hai, tunakula injera kwao na tunapanda nao gari moja, na riwaya inayomuua huyo mlinzi ukurasa wa 12 ndiyo shujaa apate kuingia mimi huifunga hapo hapo.

Kwa hivyo kijana wa kanisa akinunua ile ya Nikea, mwache, atarudi na maswali mwenyewe. Ile ya Unyakuo ndiyo ya kukaa naye chini, Wathesalonike, Danieli na Ufunuo zikiwa wazi, mkiangalia ni nini kiko kwa mstari na ni nini kimewekwa na mwandishi. Na waandishi nao waweke tu kurasa mbili mwisho wa kitabu waseme hapa nilibuni, hapa sikubuni, wale wa riwaya za historia wengi wanafanya hivyo na hakuna aliyekufa. Watu wa thrila ndio wanakwepa, ati itaharibu utamu. Utamu gani unaharibika na stori imeshaisha?