Leso feki na leso ya kuigwa si kitu kimoja

Duka la Kaderdina Hajee Essak, maarufu kwa jina la Abdulla, lilianza Mombasa mwaka 1887, na mpaka leo leso zake, yaani kanga, hubeba maandishi "K.H.E. – Mali ya Abdulla". Maneno yenyewe yanajieleza: mali hii ina mwenyewe. Anayeyachapa kwenye kitambaa chake hafifu amemwibia Abdulla jina na amemdanganya mnunuzi, maana leso ikichuja rangi kwa dobi la kwanza lawama haimfikii yeye. Sheria ya Kenya ya bidhaa bandia ya mwaka 2008 ilitungwa kwa ajili ya watu kama hao. Hapo sina la kubishana.

Ugomvi wenyewe uko kwenye nakshi. Mfanyabiashara wa Biashara Street, Mombasa, anamlipa mchoraji apange pindo za pembeni na mji, ile sehemu ya katikati, anatafuta jina, yaani msemo wa leso, litakalowachoma watu, anaagiza majora India. Kati ya michoro kumi, mingine itadoda. Mwigaji yeye anasubiri tu. Haigi iliyododa, anachukua ile iliyokwisha kupendwa na kuiuza kwa bei ya chini. Yaani hasara ya kubahatisha anamwachia mwenzake.

Lakini huyo aliyeibiwa, nakshi ya korosho ya kwenye pindo aliitoa wapi? Ilikuja na vitambaa vya Kihindi, ikazunguka pwani nzima. Kisutu nacho, ile leso ya bibi harusi, nani atasema ni chake? Leso imekua kwa watu kuangaliana. Tena makucha ya sheria hayachagui wa kumparura: mwaka 2006 kampuni moja ya Uingereza iliomba kusajili neno "kikoy" kama alama yake ya biashara huko. Wakenya na marafiki zao wakaweka pingamizi, ombi likaanguka. Lingepita, muuza kikoi kutoka pwani angepata taabu kukiita kikoi katika soko la London.

Kwa hiyo mimi ningelinda mpangilio mzima wa leso, si korosho wala ua mojamoja. Sheria ya mali ya viwanda ya Kenya, ya mwaka 2001, inampa mwenye muundo uliosajiliwa miaka 5, na anaweza kuihuisha mara mbili, jumla 15. Kwa mashine ya kusagia nazi, sawa. Leso inayotamba Idi moja na kusahaulika Idi ya pili haihitaji miaka 15. Inahitaji miezi michache ya kupumua, tena mara moja, si baada ya fomu kuzunguka ofisini.

Hakimiliki ingefaa zaidi, kwa kuwa mchoro wa asili unalindwa hata bila kusajiliwa. Ila mahakamani utaulizwa ulichora lini, na wenye maduka wengi wakishapokea mzigo kutoka India karatasi ya mchoro huishia kufungia vitumbua.