Mshumaa wa langilangi uitwe langilangi

Mwaka jana mama mmoja wa Unguja anayetengeneza mishumaa ya manukato aliniomba nimsanifie lebo na maboksi. Alikuwa na harufu nne: ua la langilangi, karafuu, mchaichai na ubani. Nta anachanganya ya soya na ya nyuki, anaimimina kwenye glasi za gramu 200 jikoni kwake asubuhi, watoto wakishakwenda skuli. Nikaifanya kazi kwa namna niliyoizoea: lebo nyeupe, herufi nyembamba nyeusi, uwazi mwingi, na majina manne ya Kiingereza. Langilangi niliipa jina la "Serenity". Ubani ukawa "Zen".

Kwenye kompyuta ilipendeza, na mteja wangu alifurahi. Tukaipeleka bidhaa kwenye maonyesho ya wajasiriamali. Siku ya pili akaja bibi mmoja, kavaa buibui, kashika mkoba wa ukindu. Akachukua ile glasi ya "Serenity", akafungua kifuniko, akanusa, akafumba macho kidogo. Kisha akamwambia binti aliyekuwa anauza, "Mwanangu, hii si langilangi hii? Mbona hamkuiandika?"

"Ndiyo bibi, ni langilangi."

Bibi akaigeuza glasi, akalitafuta neno upande wa nyuma. Halikuwepo. Akafunika, akairudisha mezani taratibu, akamshukuru binti na kwenda zake.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka pale. Yule bibi alijua alichokishika kuliko mimi niliyekichorea lebo. Pua yake ilimwambia ukweli na boksi langu likamnyima. Tangu siku ile nina msimamo, na ninauandika hapa kwa sababu kila wiki naona lebo nyingine mpya ikifanya kosa lilelile: harufu zetu zina majina, na usanifu wa kifungashio uanze na majina hayo. Rangi, boksi na nembo vije baadaye.

Watu wengi katika fani yetu wanadhani mshumaa wa manukato ni jambo geni ambalo lazima lije na lugha yake. Ni kweli, neno "aromathérapie", tunalolitafsiri "tiba ya harufu", lina asili ya Ufaransa. Mkemia René-Maurice Gattefossé alilifanya jina la kitabu chake mwaka 1937. Lakini desturi ya kuipa nyumba harufu ili moyo utulie haikukingoja kitabu hicho. Pwani nzima, kuanzia Lamu mpaka Kilwa na visiwa vyote, kuna chetezo ndani ya nyumba. Udi unachomwa nguo zifukizwe, ubani unachomwa jioni, bibi harusi hatoki bila kikuba cha asumini na mrehani. Mtoto wa kike anakua akijua kutofautisha asumini iliyochumwa alasiri na ile iliyolala. Huyo ndiye mnunuzi wetu, na hatuwezi kumwandikia lebo kama mtu asiyejua harufu.

Upande mwingine kuna mnunuzi ambaye neno "mshumaa" linamkumbusha jambo moja tu: umeme kukatika. Kwake mshumaa ni ule mweupe mwembamba wa dukani, unaobandikwa kwenye kisahani kwa tone la nta yake yenyewe. Ukimwambia huu wa kwetu ni maelfu ya shilingi anakushangaa, na ana haki ya kushangaa, kwa kuwa hakuna kitu kwenye boksi kilichomweleza tofauti. Neno "Zen" halimwelezi. Neno "ubani" linamweleza papo hapo, maana bei ya ubani anaijua na kazi yake anaijua.

Basi tukaanza upya, safari hii kwa kukaa na kuzungumza kabla ya kuchora. Nilimuuliza mama yule kila harufu inamkumbusha wapi. Kwenye karafuu hakufikiri hata kidogo. Yeye ni mzaliwa wa Pemba, akasema harufu ile kwake ni ya jamvini: karafuu zimeanikwa pembeni mwa barabara, zimeingia mbichi za kijani na wekundu kidogo, jua linazigeuza hudhurungi, na usiku zikishaanuliwa nyumba nzima inanukia. Mshumaa ule sasa unaitwa Jamvini. Chini ya jina, kwa herufi ndogo, imeandikwa "karafuu ya Pemba". Ubani ukaitwa Chetezo. Mchaichai ukabaki mchaichai, kwani kila jina tulilojaribu kuupa lilikuwa dogo kuliko lake lenyewe.

Na langilangi ikawa langilangi. Niliiandika kwa herufi ndogo tupu, na hapo nikaona jambo ambalo miaka yote ya kusanifu sikuwahi kuliona: l inapanda, g inashuka, l inapanda tena, g inashuka tena. Ni kama mtu anavuta pumzi mara mbili. Nilikaa na neno lile mchana mzima nikilipanua nafasi kati ya herufi, nikizirefusha g mpaka zikagusa pindo la lebo. Hakuna jina la Kiingereza lililowahi kunipa kazi nzuri kama ile. Rangi nayo ilijileta. Awali nilikuwa nimeweka zambarau, rangi ya lavenda, kwa mazoea tu ya kuona bidhaa za wengine. Ua la langilangi huanza kijani na likikomaa huwa manjano, na huchumwa asubuhi na mapema likiwa manjano. Kwa hiyo lebo ikawa manjano yenye ukijani.

Nimetaja pindo. Mpangilio wa lebo nimeuchukua kwenye kanga, lakini nifafanue, kwa sababu siungi mkono kubandika ua la kanga kwenye kila boksi. Kanga, mlango wa Mji Mkongwe na jahazi vimeshapigwa kwenye kila sabuni na kila pakiti ya viungo mpaka havimwambii mtu chochote. Nilichokichukua ni utaratibu wake: pindo limezunguka, mji, yaani uwanja wa ndani, uko katikati, na jina, yaani ule msemo wake, liko mahali pake, linasomeka. Mwanamke akinunua doti, rangi inamwita kutoka mbali, kisha anaikunjua asome jina, na mara nyingi jina ndilo linalokamilisha biashara. Hata alama ya mwenye mali imo. Kanga za Kaderdina Hajee Essak, duka la Mombasa lililoanza mwaka 1887, zinajulikana kwa "K.H.E. - Mali ya Abdulla". Hiyo ni chapa ya kibiashara kwa Kiswahili safi, na vizazi vya wanawake vimejifunza kuitafuta kwa jicho kabla ya kulipa. Anayesema Kiswahili hakifai kwenye nembo ya bidhaa ya thamani akaulize bei ya kanga ile.

Jina peke yake halitoshi, na hapa nataka kusema na wasanifu wenzangu wanaomaliza kazi kwenye kioo cha kompyuta. Kifungashio cha mshumaa wa manukato kinanuswa. Shehena yetu ya kwanza ya maboksi ilitoka matbaa yakiwa bado mabichi, yamepakwa vanishi ya kung'arisha. Tukapanga mishumaa ndani siku ileile. Siku tatu baadaye nilifungua boksi moja nyumbani, na kilichonipokea kilikuwa harufu kali ya wino na vanishi. Langilangi ilikuja nyuma yake, imechoka. Tuliyatoa maboksi yote, tukayaacha wazi kwenye chumba chenye dirisha kwa zaidi ya wiki nzima. Sasa tunatumia karatasi ngumu ya kaki isiyopakwa kitu ndani, rangi iko nje tu, na hakuna boksi linalopokea mshumaa kabla sijaliingiza pua.

Karafuu nayo ina ukorofi wake. Mafuta yake yana kemikali ya eugenoli kwa wingi, na eugenoli inakula aina fulani za plastiki na kuyeyusha wino usio imara. Tone moja lililomwagika wakati wa kumimina lilishuka kwenye lebo ya Jamvini na kuifuta herufi tatu. Tangu hapo lebo inabandikwa nta ikishaganda na glasi ikishafutwa kwa spiriti, na ile ya karafuu inafunikwa na karatasi nyembamba ya nailoni.

Joto pia ni la kufikiriwa mapema. Nta nyingi za soya zinazomiminwa kwenye glasi huyeyuka kwenye nyuzi 50 hivi, na gari lililofungwa juani Dar es Salaam hufika huko bila shida. Nta ya nyuki inastahimili mpaka kama nyuzi 62, ndiyo maana mama anaichanganya. Vifuu vya nazi, ambavyo wengi wanavipenda kwa macho, mimi nimevikataa: havikai sawa, vinavuja, na ni kuni.

Kuna jambo moja ninalolishikilia kuliko yote. Boksi lisidanganye. Naona mishumaa imeandikwa inatibu presha, inaondoa sonona, inafukuza mbu. Ukiandika dawa, mgonjwa atakuamini. Mtu anaweza kuacha kidonge chake kwa ajili ya sentensi niliyoipanga mimi ili lebo ipendeze. Mteja mmoja aliwahi kuniomba niandike maneno hayo, nikakataa kazi, na ningeikataa leo pia. Mama yule alipoongeza harufu ya tano, mchanganyiko wa asumini na mrehani tuliouita Kikuba, tulizungumza kwa uwazi. Mafuta halisi ya asumini hayatoki kwa mvuke kama ya mchaichai; maua mengi mno yanahitajika kupata kidogo sana, na bei yake ni ya kutisha. Anachotumia kwenye Kikuba ni manukato ya kutengenezwa. Tukaandika hivyo hivyo kwenye boksi: "asumini ya kutengenezwa, mrehani wa shambani". Aliogopa watu watakimbia. Kikuba kinauzika vizuri tu.

Maelekezo ya usalama tumeyaandika kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka bila miwani, ndani ya kifuniko ambapo mtu anaona kila anapofungua: kata utambi ubaki nusu sentimita, mara ya kwanza acha nta iyeyuke mpaka ukingoni, usiwashe zaidi ya saa nne mfululizo, weka mbali na pazia na chandarua. Chandarua nilikiongeza mwenyewe. Maelekezo ya kutoka nje hayakitaji kwa sababu kwao hakuna kitanda chenye chandarua, na kwetu nyumba nyingi zina kimoja.

Kwa mwenye kufuata njia hii, ushauri wa haraka: sajili jina mapema. Alama ya biashara iliyosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, inalindwa Tanzania Bara, na Zanzibar ina wakala wake, BPRA. Usajili wa upande mmoja hauvuki bahari. Mwenye biashara pande zote mbili aende kotekote.

Najua hoja inayokuja: wanunuzi wakubwa ni wageni na mahoteli, nao hawajui Jamvini ni nini. Nimeisikia hata kwa watu ninaowaheshimu. Lakini mgeni anayeshuka botini Malindi, bandarini Unguja, lavenda anayo kwao. Amekuja kutafuta kitu ambacho hakipo kwao, na jina asilolijua ndilo linalomfanya aulize, na muuzaji apate la kusimulia. Jamaa wa mama yule walioko Maskati wakija likizo hawachukui Chetezo, maana ubani bora wanao hukohuko Oman, kutoka Dhofar. Wanabeba Jamvini na langilangi, na wanachukua kwa majina.

Wiki iliyopita hoteli moja ilitaka glasi mia mbili, kwa sharti kwamba "langilangi" iondoke mbele ya boksi na jina la Kiingereza liwekwe mahali pake. Mama alinipigia simu usiku kuniuliza. Tukakubaliana jibu, na asubuhi akalipeleka mwenyewe: maelezo ya chini tutayaandika kwa Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu, hata Kiitaliano wakipenda, na hatutawadai hela ya ziada. Jina la mbele linabaki. Bado hawajajibu, na boksi mia mbili za manjano ziko tayari kwenye kile chumba chenye dirisha, zinapigwa upepo.